Duka lisilo na kibao: nilivyochagua CD za PS4 mwaka huu hapa Mwanza

Duka halina kibao, kwa hiyo jina sina la kuwapa. Hata mwenyewe ukimuuliza anakwambia we sema tu "kwa CD", watakuelekeza. Ukiwa Makoroboi pale kwenye vyombo na mashuka unatafuta ngazi za zege zilizobanwa kati ya duka la mapazia na fundi simu, ngazi zenyewe giza so washa tochi, na ukifika juu hutahitaji kuuliza tena maana utasikia watoto wanagombania pedi za kuchezea gemu kabla hujauona mlango.

Nilianza kupanda zile ngazi mwezi wa pili, baada ya kununua PS4 Slim ya mtumba, mashine ya kuchezea gemu kwenye TV, GB 500, ambayo ukiiwasha unakuta nafasi yenyewe ni kama 400 tu, nyingine imeshakaliwa na mfumo wake. Hiyo namba iweke kichwani maana inaamua mambo mengi kuliko hela. Hata ukiwa na CD, gemu lazima inakiliwe kwanza ndani ya mashine, na gemu kubwa moja inaweza kula 100. Kwa hiyo habari ya kununua CD kumi ukazipanga kwenye kabati na zote ukawa unacheza haipo, ni tatu nne, ukitaka nyingine unafuta moja.

Afu mimi sio mtu wa kukesha. Nafanya kazi ya mafriji na viyoyozi, nafika nyumbani Nyakato saa mbili usiku, nikila nikioga ni saa tatu, saa tano nimelala. Masaa mawili basi, tena siku ambazo umeme upo. Ukikatika katikati PS ikirudi inakukaripia kwamba hukuizima vizuri, kama vile mimi ndo nilienda kuzima huko kwenye nguzo. Kwa hiyo ninapochagua gemu siangalii watu wanasifia nini, naangalia kama inakaa kwenye hayo masaa mawili, na kama nikiichoka kuna mtu ataitaka.

Hapo ndo duka linapoingia. Kununua kawaida unaweza, mimi nimekuta CD nyingi za zamani ziko kati ya elfu 35 na 60, lakini hiyo sio sababu ya kupanda ngazi giza. Sababu ni kubadilisha. Unaleta CD yako, kijana anaishika kwa ncha za vidole, anaiinamisha chini ya tochi ya simu anatafuta mikwaruzo, anaihemea hooo, anaifuta kwa kitambaa cha miwani kutoka katikati kwenda nje. Hazungushi. Nilimuuliza kwa nini, akaniambia mkwaruzo wa kuzunguka ndo unaoua CD, huu wa kukata kwenda nje mashine inauruka. Akimaliza anaitia kwenye PS yake kuona kama inasoma, anakutajia unaongeza ngapi, mnabishana kidogo, anaandika kwenye kaunta buku jina lako, gemu na tarehe. Una siku tatu za kurudisha kama ina shida. Risiti hakuna, ushahidi wako ni hilo daftari, na daftari lenyewe lina madoa ya chai.

Kuna mtu ataniambia we mzee mbona wenzio wanashusha mtandaoni siku hizi. Sawa. Kwanza Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zinazohudumiwa na PSN, yaani mtandao wa PlayStation wenye duka lao la gemu, lazima ufungue akaunti ujifanye unakaa nchi nyingine, ununue na vocha za huko kwa mtu. Pili hizo GB 100 nizivute kwa bando la simu? Tatu, na hii ndo yenyewe, gemu ya kushusha ukiichoka imekufia humo humo, huwezi kwenda nayo Makoroboi ukarudi na nyingine.

Sasa gemu zenyewe. Tuanze na mpira maana ndo ulioleta kesi nyumbani. Nakaa na mdogo wangu wa mwisho, kamaliza form four, kazi yake kubwa kwa sasa ni kusubiri. PS ilikuja na FIFA 21 na Uncharted 4. Dogo akasema FIFA 21 ni aibu, anataka FC 25, FC ndo jina jipya la FIFA. Pale dukani FC 25 ilikuwa elfu 95, FC 24 elfu 40. Mimi nikasema 24. Kwa nini? Kwa sababu ile teknolojia ya mwendo wa wachezaji wanayoipigia debe kwenye matangazo, HyperMotion, iko kwenye PS5, Xbox mpya na kompyuta, PS4 hatukupewa. Sisi huku tunachouziwa kila mwaka ni jezi na usajili. FIFA 23 ndo ilikuwa ya mwisho kubeba jina la FIFA, EA wanaoitengeneza wakaachana na shirika la FIFA wakaanza kuita FC, na hiyo FC ukiicheza kwenye PS4 yangu mkono hausikii tofauti yoyote ya maana.

Dogo hakukubali.

"Kaka, humo Mbappé bado yuko PSG."

"Si tunamhamisha."

"Tunamhamishaje na hatuna bando?"

Aisee nilikaa jioni moja nikamhamisha kwa mkono, unaingia sehemu ya kuhariri timu unamtoa huku unamweka kule, usajili wote umegharimu kikombe cha chai ya rangi. Toka siku hiyo dogo ananifunga na hiyo hiyo Madrid niliyomjengea, nne, tano, na akifunga anasimama mbele ya TV. Kwa FIFA 21 nilipewa thamani ya elfu 5 tu, nikaongeza 35. Iliniuma, lakini kijana alinionyesha rafu nzima ya FIFA za zamani ambazo hata watoto hawazigusi. Mpira ukitoka mpya mwezi wa tisa mwishoni, wa mwaka jana unashuka bei kama nyanya za jioni. Kwa hiyo kama unataka mpira subiri mwezi wa kumi ununue wa mwaka jana. Dogo hapendi hii sera lakini umeme halipi yeye.

eFootball ya Konami ni bure toka 2021, ndo iliyochukua nafasi ya PES, gemu yao ya mpira ya zamani, ila imejengwa kwa watu wenye intaneti muda wote. Kwetu ingekuwa pambo.

Haya, sasa Red Dead Redemption 2. Hapa nikae kidogo maana hapa ndo nilipigwa, na hawa wa ngazi giza hawakuhusika. Kabla sijawajua vizuri niliona mtu anauza mtandaoni elfu 50, tukakutana stendi moja hapa mjini, akanitolea CD kwenye mfuko wa rambo, hamna boksi, anasema boksi liliungua. Nikaiangalia, haina mkwaruzo hata mmoja, inang'aa kama kioo cha saluni. Nikalipa nikapanda daladala naimba. Nafika nyumbani naitia, PS ikaniambia leta kwanza CD ya data. Nikaitoa nikaifuta nikarudisha. Leta CD ya data. Dogo akacheka mpaka akakaa chini.

Kumbe ile gemu, iliyotoka Oktoba 2018, inakuja na CD mbili. Moja imeandikwa data, hiyo inamwaga mzigo kwenye mashine mara moja tu, halafu ya pili ndo ya kuchezea, hiyo inakaa humo kila ukicheza. Mimi niliuziwa ya pili peke yake. Namba ya jamaa ikawa haipatikani na bado haipatikani. Nikaenda nayo Makoroboi kinyonge kweli, nikijua nitaambiwa nitupe.

"Braza, hapa umeuziwa nusu mkate," kijana akaniambia, hata hakuigeuza.

"Sasa nafanyaje?"

"Niletee mashine."

Alikuwa na CD ya data imebaki peke yake kwenye droo, ya pili yake ilivunjwa na mtoto wa mteja. Akaangalia kwanza zile namba zinazoanza na CUSA kwenye CD zote mbili, akasema lazima zilingane maana ya Ulaya na ya Marekani hazisikilizani, zikalingana, nikarudi kesho yake na PS kwenye begi la laptopu, ikakaa kwenye meza yake inanakili zaidi ya saa zima huku watoto wananiuliza kama naiuza. Alinichaji elfu 5. Kwa hicho tu mimi duka lile nalipatia nyota nne kati ya tano, ya tano ntawaambia imeenda wapi.

Kwa hiyo ukinunua CD ya mtumba ya PS4 uliza ni ngapi. The Last of Us Part II nayo ni mbili. God of War Ragnarök ya PS4 ni mbili. Boksi likiwa limeungua, we ondoka.

Na Red Dead yenyewe? Ni nzuri mno na haikuwa yangu. Mwaka ni 1899, Marekani, wewe ni jambazi anaitwa Arthur Morgan, na mwanzo wote mko kwenye theluji mnatembea polepole, kila kitu polepole. Farasi anataka kulishwa, anataka kusafishwa, jamaa akifungua droo anaifungua kwa mkono kweli. Stori peke yake ni masaa kama 50, kwa ratiba yangu hiyo ni karibu mwezi mzima kama umeme ukiwa na adabu. Kuna usiku nilikaa na masaa yangu yote mawili nikavua samaki na ndoano. Mke wangu akapita nyuma akatazama.

"Baba Neema, ziwa liko hapo chini, si ungeenda ukatuletea sato?"

Sikuwa na jibu. Gemu ile ni ya mtu aliye likizo, au mwanafunzi chuo kimefungwa, huyo namwambia aichukue leo leo. Mimi niliibadilisha kavukavu na God of War ya 2018, bila kuongeza hata mia, japokuwa ni CD moja tu kati ya mbili, kijana akasema wapo watu wengi walioishiwa ya kuchezea. Sijui kama ni kweli au alinionea huruma.

Na hapo ndo nyota ya tano ilipopotea. Ile God of War ya kwanza aliyonipa, dukani ilisoma vizuri, picha ikatokea, mimi nikaridhika. Nyumbani kunakili kukagoma kwenye asilimia 62, nikaitoa, nikairudisha, 62. Siku ya pili nikairudisha dukani, kijana hakuwepo, yupo mwenzake, akasema tatizo ni macho ya PS yangu, yale yanayosoma CD. Nikamwambia basi iweke kwenye yako. Hataki, anasema wateja wanacheza. Nikakaa kwenye benchi. Kuna joto kule ndani jamani, feni hamna maana soketi zote zina TV, na watoto mechi moja jero hawaishi. Nikakaa karibu dakika arobaini nikiwa nimenuna mpaka dogo mmoja akamaliza mechi yake, ikawekwa, ikanakili, 62. Nikapewa nyingine bila pole. Kwa hiyo msikubali akikwambia inasoma. Inasoma sio imeingia. Kaa pale mpaka mstari ufike mwisho, kama huna muda rudi siku nyingine. Na wanafungua saa nne na nusu, wakikwambia saa tatu hiyo ni ndoto yao.

God of War imenikaa vizuri sana ndani ya masaa mawili, ni baba mkali na mtoto wake wanasafiri kwenda kumwaga majivu ya mama juu ya mlima, kamera haikati toka mwanzo mpaka mwisho, masaa kama 20 na kitu nikamaliza. Sisemi zaidi, wengi mmeicheza.

Ambayo sikuitegemea ni It Takes Two. Hii nilichukua kwa Uncharted 4 na elfu 20 juu, kwa sababu kijana aliniuliza nyumbani nakaa na nani, swali ambalo hakuna muuzaji mwingine aliwahi kuniuliza. Ilitoka Machi 2021, na mwaka huo huo ikapewa tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards. Huwezi kuicheza peke yako, haikubali, inataka watu wawili na pedi mbili, skrini inagawanyika katikati. Ni mume na mke, Cody na May, wanataka kuachana, mtoto wao analia na machozi yake yanawageuza kuwa midoli midogo, sasa wanatakiwa warudi kuwa watu wakiwa pamoja wapende wasipende.

Mke wangu hajawahi kushika pedi maishani. Siku ya kwanza alikuwa anainamisha pedi yenyewe kama usukani. Kule mwanzoni kwenye banda la vifaa Cody anapewa misumari ya kurusha, May anapewa kichwa cha nyundo, mimi narusha msumari kwenye ubao, yeye anatakiwa aruke aning'inie na nyundo kwenye huo msumari ajirushe ng'ambo. Alianguka nadhani mara kumi na tano. Mara ya kumi na sita akavuka na akapiga ukelele dogo akatoka chumbani akidhani kuna nyoka. Tulipofika kwa boksi la vifaa lililogeuka adui ananiambia "we Cody unasubiri nini?" Mimi naitwa Cody mpaka leo, hata nikichelewa kununua mkaa.

Kasoro ilikuwa pedi yangu ya pili, ya mtumba, analogi yake, kile kijiti cha kuongozea, inavuta yenyewe kushoto, May akawa anatembea taratibu kwenda shimoni bila kuguswa. Fundi wa chini ya ngazi alibadilisha kile kijiti elfu 15. Kwa hiyo hesabu ya hii gemu ni CD pamoja na pedi ya pili iliyo nzima, usije ukamkabidhi mkeo pedi mbovu halafu ukamcheka. Tulimaliza kwa wiki tano hivi. Kuna sehemu ya tembo mdoli, mliofika mnajua, mke wangu alizima TV akaenda kulala bila kuniaga. Hii CD nilitaka kwenda kuibadilisha nikakuta haipo kwenye droo, nikiuliza naambiwa niitafute vizuri.

Vya haraka haraka ambavyo nimevikataa. Gran Turismo 7, usijichanganye kama kwako hakuna wifi ya uhakika, sehemu kubwa ya gemu inataka intaneti hata ukiwa peke yako na gari lako, Machi 2022 seva zao zilizima zaidi ya masaa 30 na waliolipa hela yao wakabaki wanatazama. GTA V hata usiibebe, kijana haipokei, anazo nyingi hazina pa kukaa, na wanaoisubiri ile ya sita wajue haiji PS4 kabisa. Mortal Kombat 11 nzuri kwa wageni wakija lakini mtoto wangu ana miaka minne na anapita pita sebuleni, zile damu hapana.

Ninayoisubiri sasa ni Ghost of Tsushima. Ilitoka Julai 2020, ni kisiwa cha Japani mwaka 1274 Wamongolia wamevamia, wewe ni samurai Jin Sakai. Dukani nilicheza dakika kumi nikisubiri lile sakata la 62 na kilichoniteka sio mapanga. Humo hakuna kimshale cha kukuonyesha njia. Unapitisha kidole kwenye pedi, upepo unavuma kuelekea unakotakiwa kwenda, majani yote yanalala upande huo. Mjomba wangu alikuwa anavua dagaa Igombe, jioni kabla ya kuingiza mtumbwi alikuwa anasimama nje anageuza shavu kimyaaa, halafu anasema twende au anarudi ndani kula. Nilimkumbuka mpaka nikasahau kupigana nikauawa. Ni CD moja, stori kama masaa 25, haichelewi kuwaka hata kwenye mashine ya zamani, yaani imekatwa kwa kipimo changu.

Shida ni kwamba CD yake iko moja tu pale dukani, na kwa mujibu wa daftari kaichukua jamaa wa Buswelu toka mwezi uliopita. Ndugu wa Buswelu, kama unasoma, maliza stori. Wale mbweha wa kuwafuata porini na yale maji moto ya kuoga waachie wengine, hata ukiwamaliza wote hakuna anayetoa cheti. Jumamosi saa nne na nusu mimi niko kwenye zile ngazi na God of War yangu mkononi.